Kusoma Menyu Ugenini: Bei Iliyoandikwa na Bei Utakayolipa

Ukila New York sahani iliyoandikwa dola 20, utatoka umelipa karibu dola 26. Singapore, sahani ya dola 20 za kwao yenye alama mbili za kujumlisha pembeni itakugharimu dola 23.98. Paris, euro 20 ni euro 20, na mkate na maji ya bomba vimo humo humo. Ukihamia Milano, sahani ya euro 20 inaweza kufuatana na euro 2 au 3 za kukalia kiti.

Karibu kila anayerudi safari ana kisa cha bili iliyomshtua, na mara nyingi hukisimulia kana kwamba aliibiwa. Wapo walioibiwa kweli, nitawafikia. Wengi, hata hivyo, walitozwa kitu kilichoandikwa, ila kiliandikwa mahali ambapo macho ya mgeni hayafiki. Kila nchi imeamua, kwa sheria au kwa mazoea, nini kiingie kwenye bei ya menyu na nini kisubiri chini ya bili. Swali la kwenda nalo mezani ni hili: bei hii ni ya nini hasa, na nini hakimo? Nitafuata mwendo wa mlo wenyewe, kuanzia mlangoni hadi kwenye mashine ya kadi.

Hatua ya 1: Soma ukiwa bado nje

Ufaransa, sheria inamtaka mwenye mgahawa abandike bei zake nje, zisomeke na mpita njia wakati wa huduma. Italia nako ni kawaida kukuta orodha ya bei mlangoni. Kwa hiyo usione haya kusimama barabarani ukisoma. Wenyeji hufanya hivyo hivyo kabla ya kuamua. Mgahawa ulio katika mtaa wa watalii, hauna bei nje, na una mpiga debe anayekuvutia kiti kabla hata ya salamu, pita. Sisemi wote ni wabaya. Nasema hatua chache mbele kuna mwingine ambao bei zake zinaonekana, na hapo huhitaji kubahatisha.

Orodha ya nje ipige picha kwa simu. Haikugharimu kitu, na bili ikija na bei nyingine una ushahidi mkononi.

Japani kazi hii imerahisishwa kuliko popote. Migahawa mingi huweka dirishani vyakula vya bandia vya plastiki, vimetengenezwa kwa ustadi hadi mtu akavitamani, kila kimoja na bei yake. Usipojua Kijapani, mwite mhudumu nje umwonyeshe kwa kidole. Kwenye maduka ya tambi za rameni utakuta mashine ya tiketi karibu na mlango: unatumbukiza pesa, unabonyeza kitufe cha chakula unachotaka, unatoa tiketi kwa mpishi, unakaa. Umeshalipa, hakuna bili wala hesabu ya ziada. Jihadhari tu kwamba mashine za zamani hazipokei kadi wala noti kubwa, kwa hiyo tembea na noti za yeni 1,000.

Ukiwa bado hapo nje, hakikisha unazisoma tarakimu sawasawa. Katika sehemu kubwa ya bara la Ulaya koma ndiyo inayotenganisha senti: 12,50 ni euro kumi na mbili na senti hamsini. Nukta nayo hutenganisha maelfu, kinyume cha tulivyozoea. Alama ya dola pia hupoteza wengi. Singapore, Hong Kong na Kanada zote zina dola zao, na Mexico hutumia alama ile ile kwa peso. Chakula cha “$180” Mexico City ni peso 180, pesa ya kawaida kabisa kwa mlo. Kwenye miji ya pwani ya watalii kama Cancún, ambako dola za Marekani nazo hupokewa, tafuta herufi M.N., zinazomaanisha pesa ya taifa hilo. Usipoziona, uliza.

Hatua ya 2: Anza chini, kisha panda juu

Ukishakaa na kupewa menyu, usianze na picha za vyakula. Nenda kwenye mstari wa mwisho wa ukurasa, ule wa herufi ndogo. Humo ndimo wanamoandika kodi, ada ya huduma, pesa ya mkate, na kama siku za sikukuu zina nyongeza.

Wakenya wameshazoea mstari huu: migahawa mingi ya Nairobi na Mombasa huandika kwamba bei zimejumuisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na tozo ya upishi ya asilimia 2. Dubai nayo, kwenye migahawa iliyo ndani ya hoteli, utakuta ada ya manispaa ya asilimia 7, ada ya huduma ya asilimia 10 na kodi ya asilimia 5. Kwa kawaida vyote vimo ndani ya bei unayoiona; mstari unakueleza tu pesa yako inakwenda wapi. Kwenye kibanda cha chai ya karak hapo hapo Dubai, hakuna mlolongo huo. Dirham moja au mbili, unapewa kikombe chako, kwaheri.

Singapore mstari huo umefupishwa kuwa alama “++” pembeni ya bei. Alama ya kwanza ni ada ya huduma ya asilimia 10. Ya pili ni kodi, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 9, nayo hutozwa juu ya jumla ikiwa na ada tayari. Ndiyo maana dola 20 zinakuwa 22, kisha 23.98. Kama hesabu hizo zinakukera, nenda kwenye vituo vya wauza vyakula, vile vyenye mabanda mengi chini ya paa moja. Bei ya kwenye ubao ndiyo unayolipa, na chakula ni kitamu. Ukikuta pakiti ya tishu juu ya meza tupu, usikae: mwenyewe yuko kwenye foleni, ameweka nafasi.

Hatua ya 3: Jua menyu imepangwaje

Paris ukisema “menu” unaweza kuletewa usichotarajia, kwa sababu huko ni jina la mlo kamili wa bei moja: sahani ya kwanza, chakula chenyewe, na kitamutamu. Orodha ya vyakula vyote huitwa “carte”. Kuna pia “formule”, yenye sahani mbili tu, ambayo mchana ndiyo nafuu zaidi. Hispania wana kitu kama hicho, “menú del día”, siku za kazi mchana, mara nyingi na mkate na kinywaji ndani ya bei. Msafiri mwenye bajeti ndogo ale mlo wake mkubwa mchana. Jioni mgahawa ule ule hukutoza sahani moja moja.

Angalizo moja kwa anayesafiri kati ya Ufaransa na Marekani: neno “entrée” Paris ni sahani ndogo ya kufungulia, New York ni chakula chenyewe. Usishangae bei zikipishana mara mbili.

Italia mlo umegawanywa katika “primo”, yaani tambi au wali, na “secondo”, yaani nyama au samaki. Nyama hiyo huja peke yake sahanini. Viazi au mboga ni “contorno”, na vina bei yake. Mtu aliyezoea kwamba ukiagiza kuku unaletewa na chipsi na kachumbari atajikuta anatazama kipande cha nyama kilichokaa pweke. Hulazimiki kuagiza kila ngazi. Primo peke yake inashibisha, na hakuna mhudumu wa maana atakayekununia.

Kwa asiyekula nguruwe, majina ya kukariri ni prosciutto, pancetta, guanciale na speck kwa Kiitalia, jambon na lardons kwa Kifaransa. Tambi za carbonara zina guanciale hata kama menyu haitaji. Kinyota pembeni ya chakula, Italia, kwa kawaida kinamaanisha kiliwahi kugandishwa. Maelezo yako chini ya ukurasa, pale pale nilipokwambia uanzie. Na Ufaransa ukiona mchoro wa sufuria yenye paa la nyumba juu yake, alama iliyoanza kutumika 2014, ujue chakula hicho kimepikwa hapo hapo kutokana na malighafi, hakikutolewa kwenye pakiti.

Hatua ya 4: Uliza bei ni ya kipimo gani

Hapa ndipo pesa kubwa hupotea. Tambi na pizza zina bei ya sahani. Samaki mzima, kambakoche na steki kubwa aghalabu zina bei ya uzito, na menyu hukuandikia kipande kidogo tu cha uzito huo.

Italia kipimo hicho ni “etto”, gramu 100. Unaona samaki wa “6,50” unafurahi. Pembeni, kwa herufi nyembamba, pameandikwa “all’etto”. Samaki wa gramu 800 ni euro 52. Wakati mwingine huandika “S.Q.”, yaani kulingana na kiasi, bila bei kabisa. Steki maarufu ya Florence nayo huuzwa kwa kilo au kwa etto, na kipande kimoja hufika kilo nzima au zaidi, kwa sababu kimekusudiwa watu wawili. Ugiriki samaki huandikwa kwa kilo. China kipimo cha kawaida ni “jin”, gramu 500. Marekani, kwenye migahawa ya vyakula vya baharini, utakuta “MP” badala ya tarakimu, yaani bei ya soko ya siku hiyo. Uzito unaohesabiwa kwa kawaida ni wa kibichi, kabla moto haujapunguza kitu.

Anayejua nyama choma hahitaji kufundishwa la kufanya. Unachagua mbavu au paja, linawekwa kwenye mizani mbele yako, bei inatajwa, ndipo linakwenda jikoni. Fanya vivyo hivyo na samaki wa Napoli. Mwambie mhudumu amlete samaki mezani, ampime, akuandikie jumla kwenye karatasi. Mgahawa mzuri hufanya hivyo bila hata kuombwa. Mhudumu akikujibu “usijali, ni bei nzuri”, badilisha oda uchukue tambi.

Januari 2018, wanafunzi wanne wa Kijapani walikula Venice steki nne, sahani ya samaki wa kukaanga, na maji. Bili ilizidi euro 1,100. Waliporudi Bologna walikokuwa wakisoma wakalalamika polisi, habari ikaenea dunia nzima, na mgahawa ukapigwa faini. Oktoba 2015, mjini Qingdao, China, mteja aliagiza kamba walioandikwa yuan 38. Alisema aliuliza kabla, akaambiwa ni bei ya sahani. Bili ilipokuja, yuan 38 zilikuwa bei ya kamba mmoja, na sahani ilikuwa na kamba 40: yuan 1,520. Kisa hicho kiliwaudhi hata Wachina wenyewe, na mgahawa ule ukaadhibiwa. Visa vyote viwili vingezuiwa na kipande cha karatasi chenye jumla, kilichoandikwa kabla ya kupika.

Hatua ya 5: Kiti, mkate na maji

Kwenye baa za Italia, ambazo kwa kweli ni vibanda vya kahawa, kuna bei mbili: ya kusimama kaunta, “al banco”, na ya kukaa mezani, “al tavolo”. Espresso ya kaunta ni euro moja na kitu. Ukiketi kwenye uwanja wenye mandhari inaweza kupanda mara tatu au zaidi, na kwenye Piazza San Marco ya Venice kuna nyongeza ya muziki pia, kama bendi inapiga wakati umekaa. Hilo si wizi: unalipia uwanja. Mimi naona ni halali kabisa kulipa hivyo mara moja, kwa kujua, na siku nyingine zote kunywa wima kama wenyeji. Paris pia kahawa ya kaunta ni nafuu kuliko ya ndani au ya meza za nje, na Hispania meza za nje zinaweza kuwa na nyongeza.

Kisha kuna “coperto” ya Italia, pesa ya kila kichwa kwa ajili ya kitambaa, vyombo na mkate. Mara nyingi ni euro 1 hadi 3, na inapaswa kuwa imeandikwa kwenye menyu. Si bakshishi, na kukataa mkate hakuiondoi. Mkoa wa Lazio, ambamo Roma imo, uliipiga marufuku kwa sheria ya 2006. Kwa hiyo Roma utaona “pane” badala yake, yaani mkate, na huo kwa kuwa ni chakula unaweza kuukataa ukaondoka kwenye bili. Sema mapema, kabla hujaumega.

Ureno ni hadithi nyingine. Unakaa, na kabla ya kuulizwa unaletewa mkate, zeituni, jibini, pengine hata kamba. Inaonekana kama ukarimu wa nyumbani, lakini kila kisahani kina bei. Sheria yao iko upande wako: kisichoagizwa na kisichoguswa hakilipwi. Ukitaka, kula, ni vitamu. Usipotaka, omba viondolewe ili pasiwe na ubishi baadaye. Japani, kwenye vilabu vya pombe vya jioni, kuna kisahani kiitwacho “otoshi”, yeni 300 hadi 500 hivi kwa mtu, kinacholetwa bila kuagizwa. Hicho hakirudishwi; ndiyo kiingilio chako.

Maji nitayapitia haraka. Ufaransa omba “une carafe d’eau” na utaletewa jagi la maji ya bomba bure, ni haki yako unapokula. Marekani maji ya barafu hufika kabla ya menyu, bure pia. Italia na Ujerumani tarajia chupa, na chupa inalipiwa.

Hatua ya 6: Kodi na bakshishi

Ulaya yote kodi imo ndani ya bei. Japani tangu Aprili 2021 bei yenye kodi lazima ionekane, japo baadhi huandika zote mbili na ile isiyo na kodi huwa kubwa zaidi kwa macho. Tafuta ile yenye kodi. Marekani na Kanada kodi haimo. New York City ni asilimia 8.875, Ontario ni asilimia 13, Oregon hakuna kodi ya mauzo. Kila jimbo lina lake, na mara nyingi kila mji.

Juu ya kodi, Marekani kuna bakshishi, asilimia 18 hadi 20 mezani. Wageni huilalamikia kama jambo la hiari lililogeuzwa lazima, na kweli ndivyo lilivyo, ila kuna sababu. Sheria ya taifa inaruhusu mwajiri amlipe mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991. Majimbo kadhaa, California likiwemo, yanataka mhudumu alipwe kima kamili cha chini cha mshahara, lakini mazoea ya mteja ni yale yale. Usipoacha kitu, umemnyima mtu sehemu ya mshahara, na mwenye mgahawa hajapoteza senti.

Hesabu ya sahani ya dola 20 New York ni hivi: kodi dola 1.78, bakshishi ya asilimia 20 dola 4, jumla 25.78. Wenyeji wana njia ya mkato: tazama mstari wa kodi kwenye bili, uzidishe mara mbili, unapata karibu asilimia 18. Mkiwa kundi, kwa kawaida kuanzia watu sita, bakshishi huenda imeshaongezwa. Soma kabla hujaongeza tena. Na ile skrini inayogeuzwa kwako unaponunua kahawa ya kubeba, ikikuomba asilimia 25? Bonyeza sifuri bila kuona aibu. Hakuna aliyekuhudumia mezani.

Uingereza hukuta ada ya huduma ya asilimia 12.5 imeongezwa mwishoni. Ikiandikwa kuwa ni ya hiari, unaweza kuomba iondolewe, na ukiilipa huhitaji kuacha kitu kingine. Tangu Oktoba 2024 sheria inamlazimisha mwajiri kuwapa wafanyakazi pesa hiyo yote. Ufaransa huduma imo ndani ya bei. Senti za chenji zinatosha kama umeridhika. Ujerumani usiache sarafu mezani: bili ikiwa euro 27,40, mpe mhudumu noti na useme “thelathini”, akurudishie kinachozidi hapo. Japani usiache kabisa.

Hatua ya 7: Bili na mashine ya kadi

Italia, Ufaransa na Hispania bili haiji mpaka uiombe. Kukuletea bila kuitwa kungekuwa kama kukufukuza, kwa hiyo usikae saa nzima ukidhani umesahauliwa. Japani ichukue karatasi yako mezani ukalipe karibu na mlango.

Isome mstari kwa mstari: idadi ya sahani, uzito wa samaki, coperto mara idadi yenu, chupa za maji. Ugiriki menyu zenyewe huandika kwamba mteja hana wajibu wa kulipa asipopewa risiti. Dai risiti halisi, si tarakimu zilizochorwa kwenye karatasi ya meza.

Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa euro au kwa shilingi, chagua pesa ya nchi uliyomo. Ukichagua shilingi, anayebadilisha ni kampuni ya mashine kwa kiwango chake yenyewe, na mara nyingi ni kibaya kuliko cha benki yako. Mhudumu akikubonyezea kabla hujasoma, mwombe afute muamala aanze upya.

Kukiwa na kosa, onyesha picha uliyopiga mlangoni na umwite msimamizi, kwa sauti ya kawaida. Makosa mengi huisha hapo. Ureno una silaha ya ziada: kila mgahawa unatakiwa kuwa na kitabu cha malalamiko, “livro de reclamações”, na kumpa mteja akikiomba. Ukikiandikia, unabaki na nakala yako, na lalamiko lenyewe linakwenda kwa mamlaka inayosimamia biashara hiyo. Mara nyingi ukishalitaja tu jina la kitabu, kile kisahani cha zeituni ambazo hukuzigusa kinafutwa kwenye bili.